Mwaka Mashine Ilipoingia Chai ya Mama

Harufu ya petroli ndiyo iliyotuharibia nyumba. Kabla yake, baba na mama walirudi jioni wakinuka majani mabichi na makoti ya mvua, nasi watoto tukajua wamefika hata kabla hawajabisha. Tuliishi kwenye nyumba za kampuni, katika mashamba ya chai nje ya Kericho. Wazazi wetu walitoka upande wa ziwa. Kazi iliwaleta, na kazi ndiyo iliyotupa paa. Ukiachishwa, unahama. Hilo hata mtoto wa chekechea alilijua.

Mama alichuma kwa mkono, majani mawili na chipukizi, na sehemu yake ya shamba aliijua kuliko jikoni kwake. Baba alikuwa mzito wa kuchuma. Mama alimtania kwamba kikapu chake kimejaa upepo. Halafu zikaletwa mashine za petroli za kukata majani, za kubebwa na wanaume wawili wawili. Nyapara akawaachisha wanawake kazi, akamwita baba ashike moja.

"Baba Atieno, mtaanzia wapi?" mama aliuliza akipakua ugali, akimwita kwa jina langu.

"Kwenye sehemu yako."

"Na utashika?"

"Nisiposhika, hawa watoto watalala wapi?"

Mpaka leo nakereka nikikumbuka, maana sikupata wa kumlaumu. Baba alisema kweli. Lakini kesho yake nilimwona mama amesimama kando ya shamba, akimtazama mumewe akikata machipukizi pamoja na vijiti, ovyo ovyo, kelele tupu. Wiki hiyohiyo alifunga nguo zake akaenda Sotik, kuwachumia wakulima wadogo. Alikuja Jumapili mojamoja. Nyumba tukabaki nayo, lakini mama mwenyewe akawa mgeni humo, anauliza chumvi imewekwa wapi. Nilimnunia baba kana kwamba yeye ndiye aliyeunda mashine.

Sasa nina watoto wangu mjini, na chai wanakunywa bila kuuliza imetoka wapi. Mashine za leo huendeshwa na mtu mmoja tu, tena ameketi. Juzi baba naye aliambiwa arudishe ufunguo wa nyumba. Miaka yote ile mama alilala kwa watu, kumbe tulikuwa tunangoja siku hii! Nilitamani kuvunja kitu. Baba alimpigia mama simu nikiwa kando yake, sauti imefunguliwa hadi mwisho kwa sababu injini imemla masikio. Akamwambia hana pa kwenda isipokuwa huko Sotik.

"Njoo," mama akasema. "Lakini huku tunachuma kwa mkono."