Vingoma vya Krismasi vya Baba Nelly

"Baba Nelly, unarudi lini Geita?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la tatu, nimesimama uani kwao mtaa wa Ngokolo na kipande cha muwa mdomoni. Sikuwa na nia mbaya. Mtaani kwetu kila baba aliyekwenda machimboni alikuwa wa kuja na kuondoka: anakuja na godoro jipya, au redio, anakaa wiki kadhaa anasalimia watu, halafu asubuhi moja unasikia kaondoka. Baba Nelly alikuwa amekaa kuliko wote, nikataka kujua tu. Akanitazama, akatazama mlango wa jikoni alikokuwa mkewe, akasema, "Muwa huo umeutoa wapi wewe?" Swali langu likaishia hapo.

Jina lake ni Masalu. Nelly, binti yake, ni rafiki yangu tangu chekechea, ndiyo maana mambo ya uani kwao nayajua kama ya kwetu. Baba yake alichimba dhahabu Geita miaka mingi. Wenyewe wanasema "duarani", yaani ndani ya shimo la kuchimbia. Siku moja udongo ukaporomoka ukamfunika mpaka kifuani. Wenzake wakamtoa mzima, akaja nyumbani kupona.

Akapona. Kazi ikawa baada ya kupona. Simu ya Nassibu, mwenzake wa duarani, ikilia anainuka haraka, anaenda kuongelea nyuma ya choo, na sisi tunamsikia vizuri kabisa: "Limetema? Nassibu, unanitania! Limetema kweli?" Duara likitema, maana yake limetoa dhahabu. Basi siku hiyo nzima hakai chini. Anazunguka ua, anapiga miluzi, ugali anauacha nusu.

Mama Nelly hakuwa mtu wa kulialia. Nilimsikia mwenyewe, anapepeta mchele, wala hakuinua uso:

"Ukienda, nenda. Ila safari hii usinitumie mtu aje kuniambia umefukiwa. Uje wewe mwenyewe uniambie."

"Sasa nitakujaje, mama, na nimefukiwa?"

"Hapo ndipo ujifikirie."

Desemba ya mwaka ule, katekista Bartholomeo akapiga hodi. Alikuwa amefungua boksi la mapambo ya mti wa Krismasi wa kanisani kwetu kigangoni, akakuta panya wamekwishasherehekea. Ile mipira ya kung'aa imebaki magamba, zile nyuzi za dhahabu zimegeuzwa kiota. Akawa anapita nyumba kwa nyumba kuuliza nani ana chochote cha kutundika.

"Niachie mimi," Baba Nelly akasema.

Katekista akacheka. "Wewe Masalu? Mchimbaji?"

"Sikuzaliwa na sururu mkononi, katekista. Mzee wangu kule Kishapu alikuwa anawatengenezea ngoma wachezaji, mpaka wale wanaocheza na nyoka. Ngozi na mti navijua."

Mama Nelly alikuwa anachuma mchicha pembeni. Alisimama pale pale. Jioni hiyo alikwenda mwenyewe kwa fundi seremala kuomba mabaki ya mbao, akarudi na karai limejaa kichwani. Mimi na Nelly tukaelewa. Mtu mwenye kazi mikononi hana nafasi ya kuongea nyuma ya choo.

Baba Nelly akakata nyota. Nyota nzuri, nyembamba, za ncha tano, akazipiga msasa mpaka zikawa laini. Halafu akaloweka ngozi ya mbuzi, akaivisha kila nyota ikiwa mbichi bado, akaivuta kwa nguvu zote na kuishona nyuma. Ndivyo alivyofundishwa Kishapu. Ngozi uivute mbichi, ikikauka itajikaza yenyewe. Akazianika juani, akalala akiwa na raha.

Lakini ngozi ya ngoma inavutana na gogo zima! Zile nyota unene wake ulikuwa kama jalada la daftari. Kesho yake jioni tulipotoka kucheza tukazikuta zote zimejikunja, ncha zimeinuka juu.

"Baba!" Nelly akapiga kelele. "Zimenyoosha mikono kama ziko darasani!"

Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Baba Nelly hakucheka. Na simu, kama vile ilikuwa inachungulia, ikalia. Akaenda nyuma ya choo. Aliporudi akaingia ndani, akatoka na begi na viatu vyake vya machimboni.

Kicheko kikanikauka. Mama Nelly alikuwa mlangoni, mikono ina unga. Hakumzuia. Nelly akamwangalia mama yake, mama akaangalia begi.

Baba Nelly akakaa kwenye kigoda kuvaa viatu, karibu na lile karai la nyota. Akafunga kiatu kimoja. Halafu, bila hata kuangalia, akaipiga nyota moja kwa ncha ya kidole. Watu wa ngoma ndivyo walivyo, wakiona ngozi popote lazima waigonge. Pale ilipojikunja, ngozi ilikuwa imeachana na mbao, katikati pana uwazi. Nyota ikalia: *ti!*

Akaipiga tena. *Ti!*

Akabaki hivyo, kiatu kimoja kimefungwa, kingine kiko mkononi.

"Mama Nelly, lete msumeno."

"Unasafiri na msumeno?"

"Lete, bwana!"

Yaani sijawahi kuona mtu anafanya kazi vile! Alipanda mwarobaini wa uani na kiatu kile kimoja, akashusha matawi, akayakata vipande vifupi, vinene kama kidole gumba. Akatia nondo kwenye jiko la mkaa mpaka ikawa nyekundu, akavitoboa katikati, moshi mchungu ukajaa ua mzima. Kila kipande akakivalisha ngozi mbichi juu na chini. Misumari midogo kiasi hicho haikuwepo, kwa hiyo akatutuma miiba ya mgunga, ile mirefu myeupe, akaipigilia kuzunguka ukingo kama vigingi vya ngoma kubwa. Manyoya aliyaacha yazunguke pembeni: meupe, meusi, ya madoadoa. Kitanzi cha kutundikia akakisokota kwa uzi wa ngozi ya ng'ombe. Ukikiweka kwenye kiganja ni ngoma kamili ya Kisukuma, ila ya kuchezewa na sisimizi!

Sasa ikabaki jua. Na Desemba ya kwetu mnaijua. Asubuhi jua linachoma, saa nane wingu hilo limeshavimba upande wa Kahama. Ngozi ikinyeshewa inalegea na ngoma inakuwa bubu. Tukawa tunaanika vingoma kwenye nyungo, wingu likitokea Mama Nelly anapiga yowe, "Ngomaaa!" na watoto wa nyumba zote za jirani wanakimbilia nyungo kuziingiza ndani. Jua likirudi, tunazitoa. Nelly alichoka, akaweka kimoja karibu na jiko kikauke upesi. Kikapasuka, *pa!* mpaka kuku wakaruka.

"Hiyo ngozi si chapati!" baba yake akamwambia, na safari hii alicheka yeye.

Siku moja kabla ya Krismasi simu ikalia. Sote tukageuka. Baba Nelly alikuwa na miiba mdomoni, mikono yote imeshika ngozi, akamwambia Nelly abonyeze ya sauti kubwa. Hapo hapo uani, mbele ya kila mtu.

"Masalu!" Nassibu akapaza sauti kutoka Geita. "Njoo, ndugu yangu! Limetema!"

Baba Nelly akatema miiba. "Na mimi ngozi yangu inakauka! Nitaiachaje?"

"Ngozi gani? Masalu, nimekwambia limetema!"

"Nimesikia. Hongera. Mama Nelly anakusalimia."

Mama Nelly hakuwa amemsalimia mtu. Alijifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika, na mimi mpaka leo sijui alikuwa anacheka au anafanya nini.

Krismasi asubuhi mti wetu ulisimama karibu na dirisha la kigango, umejaa vingoma tangu chini mpaka juu. Tulipofika kwenye wimbo wa Utukufu, upepo wa mvua ukaingia dirishani. Matawi yakayumba, vingoma vikaanza kugongana, *ti-ti, ti-ti-ti,* mti mzima! Kwaya ikasita. Mpiga ngoma wa kwaya akageuka kuangalia nani anamwingilia, halafu akatabasamu akaufuata mti. Watoto tukasimama juu ya mabenchi. Katekista Bartholomeo alitutolea macho tushuke, ila na yeye mguu wake ulikuwa unakwenda. Nje, bibi mmoja akamshika Baba Nelly mikono yote miwili akimshukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, Masalu! Wabeja!" hakumwachia mpaka mvua ikatufukuza.

Kuanzia mwaka ule kila Desemba ua wa kina Nelly unajaa magari na pikipiki. Watu wanakuja kununua vingoma kutoka Kishapu, Kahama, hata Ushetu. Siku nyingine za mwaka Baba Nelly anatengeneza ngoma kubwa na makubazi ya ngozi. Nassibu mwenyewe alikuja, akavitazama vile vingoma, akavigonga kimoja kimoja kama anayechagua nyanya, akaondoka na mkungu mzima kwenda kuvitundika kwenye magogo yanayoshikilia duara lake. "Mimi Mwislamu bwana," alisema, "lakini hivi vinanifurahisha."

Na bado anapiga simu. Desemba iliyopita, mimi nikiwa kidato cha tatu, nilipita kumsalimia.

"Shikamoo, Baba Nelly."

"Marahaba." Alikuwa ndiyo kwanza anakata simu. "Nassibu huyo. Limetema tena."

Akainama kwenye ndoo, akatoa ngozi, akaikamua. Nilidhani mazungumzo yameisha. Kumbe alikuwa anafikiri.

"Wewe uliwahi kuniuliza nitarudi lini Geita. Una muwa mdomoni."

"Unakumbuka?"

"Nitasahauje, mke wangu alikuwa anasikiliza!" Akaitandaza ngozi gotini. "Nilishindwa kukujibu kwa sababu nilikuwa narudi kila siku. Hapa unaniona, lakini nikifumbua macho asubuhi niko Geita, naulizia duara. Mpaka ile wiki ya vingoma. Asubuhi moja nikafumbua macho, nikatoka nje hata shati sijavaa, nataka kuona ngozi imekaukaje. Hapo ndipo nilipojua sirudi."