Shemeji Aliizuia Kompyuta Kuuliza Maji, Lawama Nikabeba Mimi

Admin, nifichie jina, ila wa Kibiti watakaonitambua na wanitambue, sijali. Mimi ni mama wa miaka hamsini na nane, nimezaliwa Mohoro kwa wakulima wa mpunga, nimeolewa Kibiti, nina watoto wanne. Kinachonileta hapa ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Jumamosi anaondoka kwenda Hija na anataka nimsamehe kabla hajapanda ndege. Nyumba nzima inaniambia nimsamehe yaishe. Mimi nimegoma.

Miaka ya tisini, zama za ruksa, kampuni binafsi ilifungua ofisi hapa Kibiti kuchora barabara ya kwenda Mohoro. Shemeji alikuwa mkuu wa wachoraji, akaniingiza kazini, na hilo simnyimi. Mimi nilisomea kuchora kwa penseli. Kompyuta niliikuta pale pale, inaendeshwa na jenereta. Programu ya kuchorea haikuwa na kumbukumbu hata chembe. Ukichora kalavati, pale maji yanapopita chini ya barabara, inakuuliza upana wa bomba, idadi ya mabomba, mteremko, kimo cha mafuriko. Ukichora la pili inauliza yote upya, kama hamjawahi kuonana. Nikachukua kitabu chake cha maelekezo na kamusi, miezi miwili nikajifunza kuiandikia amri, mpaka siku moja ikakumbuka. Ikawa inakuonyesha jibu ulilotoa mara ya mwisho; kama halijabadilika unabonyeza Enter, unaendelea. Kazi ya siku nzima ikawa inaisha kabla ya adhuhuri. Nilitembea kifua mbele, na sioni haya kusema.

Kitu kimoja tu sikuifunza kukumbuka: kimo cha mafuriko. Hicho iliuliza kwa kila kalavati, na bila kuandika namba haikusogea. Sababu ni mama yangu. Kwetu msimu wa mpunga watu huhamia shambani na kukaa kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo. Mama hakuwahi kujenga dungu kwa kukisia. Kila shamba alilolima alimfuata jirani wa pale akamuuliza, "Hapa maji yalifika wapi?" Maana huku yanaweza kukufika magotini, na ng'ambo ya shamba yakakufika shingoni. Shemeji hakuyajua hayo, akachoka. "Shemeji, hii mashine yako ina maswali kama karani wa mahakama. Ifunze na hilo la maji." Nikamjibu, "Hilo siifunzi. Hilo lazima mtu aangalie vipimo."

Nikaenda kujifungua hospitali ya Mchukwi. Nyuma yangu shemeji akafungua amri yangu, akanakili mistari miwili ya kukumbuka, akaipachika kwenye swali la maji. Kisha akachora makalavati yote ya bondeni akibonyeza Enter tu, na kimo kilichokuwemo mle ni cha huku juu Kibiti, ambako maji ni kidogo. Niliporudi kazini michoro ilishapelekwa na barabara inajengwa. Masika ya kwanza makalavati hayakufua dafu, barabara ikawa ukuta, maji yakarudi mashambani. Mama yangu alikaa kwenye dungu siku nne, maji yakigusa sakafu, mpaka wakamfuata na mtumbwi. Mpunga wake wote ulioza.

Mkurugenzi alipokuja kuuliza, juu ya ile amri kulikuwa na jina langu. Shemeji akatazama dirishani. Jioni baba mkwe, Mungu amrehemu, akaniita. "Mama Zuhura, wewe una mume. Mwenzio ana wake wawili na watoto. Weka sahihi kwamba kosa ni lako, mambo yapite." Sikuweka. Wakanifukuza kazi hivyo hivyo. Mume wangu hakunitetea, na hilo pia nalikumbuka. Lakini kilichoniumiza ni mama, nilipofika kumpa pole. "Mwanangu, ina maana hukuuliza maji yalifika wapi?" Nilimweleza, lakini kompyuta hakuwahi kuiona hata kwa mbali, na shemeji alikuwa mtu wa kuheshimika. Mpaka leo nikienda arusini Mohoro nasikia wananong'ona, "Ndiye yule aliyetuzamisha."

Juzi shemeji alikuja na kanzu yake, anapita kwa ndugu kuomba radhi kama wafanyavyo wanaokwenda Hija. "Shemeji, kama kuna jambo nilikukosea, nisamehe." Nikamuuliza, "Kama?" Nikaingia ndani nikatoa karatasi ya ile amri, niliyoichapa siku ya kufukuzwa. Wino umepauka lakini unasomeka. Nikaweka kidole. "Mistari hii miwili ni mkono wako. Hilo 'kama' umelisema kila nyumba uliyopita. Kwangu utataja." Akaisukuma pembeni. "Ya zamani hayo, shemeji. Unataka nifanye nini?" Nikamwambia aje Mohoro, akae kwenye mkeka wa mama yangu, amwambie kwa kinywa chake nani aliizuia mashine isiulize. Akanyanyuka, chai hakuigusa.

Sasa nyumba haikaliki. Mume wangu anasema namdhalilisha mzee anayekwenda kwa Mwenyezi Mungu, na nikiendelea nihamie huko huko Mohoro. Wifi zangu wamenisusa. Sawa, wanisuse. Mama yangu ana miaka themanini na kitu, macho yamekwisha, masikio bado yapo. Sitaki afe akiamini mwanawe alisahau kuuliza.

Leo Jumatano. Kesho nakwenda Mohoro kutandika mkeka, na shemeji nimeshampigia simu kumwambia. Asipokuja, nimfanyeje? Nishaurini ndugu zangu, nawasoma wote. Ila anayetaka kuniambia nisamehe yaishe, kwanza anijibu: siku ile, kwa mama yangu, maji yalifika wapi?