Mbuzi wa Jamaika

Baba yangu hataki mzaha na kanda moja tu duniani. Ni ya rege, kazi za mwanzo kabisa za mtayarishaji mmoja wa Jamaika, za kabla hajavuma, alipokuwa akiuvumbua muziki wa dabu: anamtoa mwimbaji, anabakiza besi na ngoma, kisha sauti inajirudia huko mbali kama mtu anayeita ndani ya tangi tupu. Baba alirekodiwa kanda hiyo na mwenzake wa reli, hapa hapa Itigi, enzi zile anafanya kazi stesheni.

Sifa kubwa ya kanda hiyo ni mbuzi. Katikati ya wimbo wa tatu muziki unakatika, mbuzi analia, mwanamke anafoka kwa mbali, maneno hayashikiki, muziki unarudi. Kila mgeni wetu amewahi kunyamazishwa hapo. Baba huinua kidole na kueleza kwamba yule bwana alikuwa fundi hasa, alimwingiza mbuzi studio wakati wenzake wanahangaika na magitaa. Mama yeye kanda ikiwekwa huondoka, anadai inamuumiza kichwa. Mimi nilikua nikiamini. Shuleni niliwahi kupigana kwa ajili ya yule mbuzi.

Mwaka jana, kwa kuwa nina kibanda cha kuwajazia watu nyimbo kwenye simu, nilimwomba baba niihamishie kwenye flashi kabla haijaliwa na redio. Alikataa wiki nzima, akakubali, akaniagiza nisiusikilize wimbo wa tatu. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nikavaa spika za masikioni, nikapandisha sauti. Yule mwanamke wa Jamaika alikuwa anafoka Kinyaturu, lugha yetu ya nyumbani. Alikuwa mama yangu. Na karibu kabisa na redio mtu alikohoa kwa kujizuia, kikohozi ninachokijua tangu nizaliwe.

Nilicheka mpaka mteja akaondoka. Habari ya mbuzi na mbegu kwetu husimuliwa kila msimu wa kupanda. Kabla sijazaliwa, mama alianika mbegu za alizeti uani, akamwachia baba azilinde, akaenda mashineni kusaga. Aliporudi, mbuzi wa jirani alikuwa amezimaliza. Baba akaapa kwamba aliitwa stesheni ghafla. Mwaka ule walichelewa kupanda, na kiapo chake hajakigeuza hadi leo.

Nilipombana alikiri haraka. Alikuwa ndani, amejifungia na kanda yake. Aliposikia mama anafoka akakimbilia kuzima redio, kwa kiwewe akabonyeza na kitufe cha kurekodi. Alipogundua akazima, akaruka dirishani.

"Futa, mwanangu," aliniambia. "Mama yako akijua, sitaaminika tena humu ndani."

Nikamwahidi. Sikufuta. Sina la kujitetea, ni ukorofi tu. Jumapili baada ya chakula nikachomeka flashi kwenye spika kubwa, nikamwomba mama asiondoke, akabaki anapeta mtama pale pale. Wimbo wa tatu ukafika. Baba akanikazia macho. Mbuzi akalia, mama akafoka, safi kabisa, kikohozi kikafuata. Baba akainama. Hapo ndipo nilipojuta, nikanyoosha mkono kuzima.

"Acha," mama akasema. Aliendelea kupeta, hata ungo haukusita. Kisha akamgeukia baba.

"Nilijua siku ile ile. Ulirudi kutoka stesheni pekupeku. Viatu vyako vilikuwa mlangoni."