Mama Alipojifunza Kichina cha Jikoni

Sisi tuliokulia Kitengela wakati barabara ya Namanga ikitengenezwa tunalijua lile vumbi: mbuzi wa majirani zetu Wamaasai wakikohoa pamoja nasi, kikombe cha chai kikifunikwa kwa sahani. Ndipo Mama akapata kazi ya kusaidia jikoni kwenye kambi ya Wachina, upande wa Isinya.

Siku ya kwanza alirudi amenyong'onyea. Mpishi mkuu, Mzee Wen, aliomba kisu kwa Kichina, Mama akampa mwiko. Akaomba ndoo, akampa sufuria. Msimamizi akamwambia asipoelewa kufikia Ijumaa, asirudi tena.

"Basi hii nyumba itaongea Kichina," Mama alisema akivua viatu. "Mwenye atasema kisu, ataosha vyombo."

Kila jioni alikuja na maneno mapya. Kisu kikawa dao, ndoo ikawa tong, kifuniko cha sufuria guogai. Baba, Mbukusu wa sauti nzito, aliyatamka kama anayefukuza ng'ombe shambani. Dada yangu Nekesa, aliyechukia kuosha vyombo kuliko kitu chochote, ndiye aliyeyashika upesi. Tulicheka mpaka ugali ukapoa.

Ijumaa hiyo mafuta yalishika moto kwenye karai la Mzee Wen. "Guogai! Guogai!" alipiga kelele. Wenzake Mama wakakimbilia maji. Mama akanyakua kifuniko, akampa Mzee Wen, naye akafunika karai, moto ukazimika. Hakuna aliyemwambia tena asirudi.

Barabara ilipokwisha, Mzee Wen alikuja kutuaga. Alikaa kwenye kigoda, akala ugali na mboga ya mrenda, kisha akanyoosha kidole. "Hii?"

"Mwiko," Mama akamjibu polepole.

Akauliza ungo, akauliza jiko, akauliza ufagio, akirudia kila jina kama mtoto wa nasari. Chai yake ilipoa na hakuna aliyejali.

Siku hizi mwanangu huelekezea kitu simu, ikamtajia Kichina chake, na kabla hajaiweka chini amesahau. Nikimwita aoshe vyombo, hapo haelewi lugha yoyote. Kila mmoja wetu ana chumba chake sasa, na jioni nyumba ni kimya.

Juzi nilimpigia Mama, ambaye alirudi Bungoma baada ya kumzika Baba. Nikamwuliza kama bado anayakumbuka yale maneno.

"Yamenitoka yote," akasema. "Nakumbuka tu vile tulikuwa tunakaa wote."