Mzee Kwa-nini na Vishanga vya Sukari

Pale maabara walimwita Mzee Kwa-nini. Kazi aliyoajiriwa nayo ilikuwa kusaga mabua ya mahindi na kuosha vyombo. Ya kuuliza alijiajiri mwenyewe. Tangu mkewe atangulie mbele ya haki, nyumbani hakukuwa na wa kumjibu. Hapa alikuwepo mtaalamu, mwanamke wa umri wa binti yake, naye alijibu.

"Bua lina sukari, baba. Imefungwa tu. Vimeng'enya ndivyo vinavyoifungua."

"Viko wapi?"

"Ndani ya vishanga hivi." Akamwonyesha mrija wa kioo uliojaa punje laini kama mayai ya samaki. "Vimeng'enya vyenyewe huwezi kuviona. Vingekuwa huru vingeondoka na maji, nami nianze upya kila siku. Ndiyo maana nimevifungia humo. Maji ya mabua yanapita, sukari inatoka chini, vyenyewe vinabaki kazini."

"Kumbe ni vibarua wasiorudi kwao."

"Wala hawaombi likizo!" Wakacheka.

Jumatatu asubuhi mzee akaukuta mrija umeingia rangi ya kahawia. Akauonea haya. Marehemu mkewe alikuwa na neno lake: chombo hakijatakata mpaka kionje maji ya moto. Akachemsha birika, akaumiminia mrija taratibu, mara mbili. Vishanga vikatakata. Akaondoka kifua mbele.

Saa nne mtaalamu akachovya karatasi ya kupimia sukari. Haikugeuka rangi. Akachovya nyingine. Akashika kiuno.

"Wiki sita vinafanya kazi. Leo vimenigomea vyote?"

Mzee akaelewa kabla ya kuambiwa. Akinyamaza, nani atajua? Akisema, atarudishwa nje kwenye mashine ya kusagia, na chumba hiki asikanyage tena. Na huko nje nani angemjibu?

"Mimi nimeviosha," akasema. "Kwa maji ya birika."

"Yaliyochemka?"

"Yaliyochemka."

Mtaalamu akakaa chini. "Umevipika, baba. Uvuguvugu vinaupenda, maji ya kuchemka yanaviua. Mbona hukuniuliza? Wewe, Kwa-nini mzima!"

"Hilo nilidhani nalijua."

Hasira ya mtaalamu ilikuwepo, haikujificha. Kisha akachukua bakuli la maji yenye chumvi ya chokaa, akachanganya vimeng'enya vipya na ute wa mwani, akauvuta kwa bomba la sindano.

"Nawa mikono. Vya kwangu umeviua, utanitengenezea vingine. Tone moja moja. Ukiharakisha yatashikana."

Mzee akanawa, akalipokea bomba, akabonyeza. Tone likaanguka majini, likajikusanya, likawa kishanga mbele ya macho yake. Akainama mpaka pua ikakaribia bakuli. La pili. La tatu.

"Mwanangu," akasema bila kuinua uso, "hii chumvi inaliambia nini tone mpaka ligande?"

"Dondosha, baba. Ukifika mia nitakujibu."

"Nne," akasema mzee. "Tano."