Picha Iliyokuwa ya Leta

Tangazo la mlangoni niliandika mimi mwenyewe, kwa herufi kubwa na kalamu nyekundu: simu haziingii chumba cha dosie, yaani mafaili ya watu. Chini yake niliweka kikapu cha plastiki, na kila aliyeingia, hata mkuu wetu, alilaza simu yake humo kwanza. Nilikuwa na sababu. Ofisi yetu ya Beni ni ya ukaguzi: raia akionewa na idara ya serikali analeta malalamiko kwetu, nasi tunaifuatilia idara hiyo. Mwaka wangu wa pili pale, mfanyakazi mmoja alipiga picha barua ya mlalamikaji akampelekea yule yule aliyelalamikiwa. Mwenye barua alilazimika kuhama mji na watoto wake. Tangu hapo nikawa mkali, wala sikuona haya.

Kazi yangu ni kutunza karatasi. Wapo wanaodhani ni kazi ya mtu aliyekosa kazi. Mkuu wetu, aliyetumwa kutoka Kinshasa, alipenda kunitania kwamba nimeolewa na kabati, nami nilimjibu kwamba kabati halijawahi kurudi nyumbani limelewa. Alicheka, lakini mimi sikuwa nikitania sana. Niliipenda kazi ile. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na huku kwetu hata mtu bila daftari hupotea bila habari. Nilijiona ndimi niliyezuia watu wasipotee.

Kijana wa Mbau, nje kidogo ya mji, alikuja ofisini msimu wa mvua, suruali imerowa mpaka magotini. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa akifundisha bila namba ya serikali, yaani bila mshahara, na kila orodha mpya ya walimu ilipotoka jina lake lilikuwa limerukwa. Nilizipokea karatasi zake: cheti cha kuzaliwa, diploma, barua ya mkuu wa shule, na picha moja ndogo ya pasipoti. Nilipiga muhuri, nikaandika namba, nikaifunga picha kwa pini kwenye pembe ya ukurasa wa kwanza. Nikamwambia arudi baada ya mwezi. Alishukuru kwa adabu, akatoka nje mvuani.

Hakurudi. Ilikuwa miezi ile watu walipokuwa wakiuawa mashambani. Wauaji walimkuta kwenye shamba la kakao la familia yake, yeye na mjomba wake, wakawaua, kisha wakachoma nyumba. Mimi nilisikia habari ya Mbau redioni kama wengine, sikujua kwamba ndani yake yumo mtu niliyempigia muhuri. Nilijua siku mama yake aliposimama mbele ya meza yangu, kitenge kimefungwa juu ya sweta la mtu mwingine.

“Mama, banasema weye njo unachungaka makaratasi ya batu,” alisema kwa Kiswahili cha kwetu, ambamo ‘njo’ ni ‘ndiye’ na kuchunga ni kutunza. “Ya mutoto wangu iko hapa?”

Nilimwuliza jina, mahali, mwaka. Alijibu polepole. Halafu akasema, “Nyumba iliungua na kila kitu. Hata shati yake moja hakuna. Alinambiaka alileta picha kwenu. Niko naomba tu nimuone.”

Sheria yetu inamruhusu mzazi kuangalia dosie mezani, mbele yangu. Niliileta. Hakusoma kitu. Alipangusa mikono kwenye kitenge, akaiweka huku na huku ya ukurasa, akamtazama mwanawe. Alikaa hivyo muda mrefu, na watu wawili waliokuwa wakingoja nyuma yake wakaacha kunung’unika wenyewe.

“Unipatie hii,” alisema mwishowe.

“Haiwezekane, mama. Karatasi ikiisha kuingia mu dosie, ni ya Leta.”

“Leta inaifanya nini?”

Nikampa fomu ya kuiomba hiyo Leta, yaani serikali.

Sikuwa na moyo wa jiwe. Niliwasha jenereta siku hiyo hiyo nikamtolea fotokopi. Mashine yetu ilikuwa mbovu, ikatoa uso mweusi tititi wenye kola nyeupe. Aliitazama akanirudishia. “Huyu haiko mutoto wangu,” alisema. “Hii ni makala tu.” Makala kwetu ni mkaa. Mtu atauliza: kwa nini hukuipiga kwa simu? Simu zilikuwa kwenye kikapu, chini ya tangazo langu, na kama mimi mwenyewe ningevunja katazo hilo, ningemkataza nani tena?

Akawa anakuja kila Alhamisi. Alikuwa akiishi kwa mkwe wake hapo Beni, pamoja na binti yake aliyebaki, na Alhamisi alishuka sokoni na mboga. Alipita kwetu kwanza. Nilimwekea kiti. Alitazama, akanishukuru, akaenda kuuza lengalenga zake. Siku moja aliniambia kwamba asubuhi akiamka, kabla hajafungua macho, anajaribu kuijenga sura ya mwanawe, na kila wiki inamchukua muda mrefu zaidi. “Iko inanitoroka,” alisema. “Mpaka nifike hapa.”

Niliandika barua makao makuu kuomba ruhusa ya kumpa ile picha. Mkuu akaitia sahihi bila kunitania. Jibu halikuja. Dosie yenyewe ilifungwa, kwa sababu mlalamikaji alikuwa amefariki na marehemu hahitaji namba. Niliandika hivyo mwenyewe juu ya jalada, kwa mwandiko mzuri, nikaihamishia kwenye sanduku la chini pamoja na zilizokwisha.

Kisha mvua ikatoboa paa letu. Mkuu akasema dosie zilizofungwa zimezidi, zitengenezewe orodha zichomwe, ili zile zinazoishi zipate mahali pakavu. Ndivyo utaratibu unavyosema, na utaratibu huo ndio niliousomea. Nilikuwa nikimalizia orodha simu yangu ilipolia kikapuni; alikuwa ndugu yangu kutoka Butembo: baba yetu amefariki. Nilitia sahihi pale pale, ili nisiiache kazi nusu. Dosie ya kijana wa Mbau ilikuwemo, lakini nilitaka ibaki. Nikachukua kipande cha karatasi nikamwandikia mwenzangu wa chumba kile, mwanaume mtulivu aliyetoka Kasai, mbali na kwetu: usichome ya fulani, mwalimu, Mbau. Nikakibandika juu ya meza yake na kukimbilia gari.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Sisi Wanande tunampa mtoto jina kwa zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ana jina lake, wa pili ana lake, na wasichana vivyo hivyo. Ukiita jina la mzaliwa wa kwanza katikati ya soko la Butembo, nusu ya wanaume watageuka. Hatupotezani, kwa sababu mwenzako atakuuliza mara moja: yupi, mwana wa nani? Karatasi niliyoiacha haikuwa na jina jingine ila hilo la zamu, la mzaliwa wa kwanza. Namba sikuandika. Mimi, niliyewafokea watu miaka yote kwamba dosie haina jina, ina namba, nilimwandikia mgeni jinsi ninavyomwita jirani yangu uani.

Butembo tulikaa kwenye kilio siku nyingi. Picha ya baba ilikuwa juu ya kiti, imezungukwa na maua ya plastiki, na shangazi yangu kila jioni aliishusha, akaifuta vumbi kwa pindo la kanga yake, akazungumza nayo habari za siku. Nani amekuja, nani amepika vibaya. Alilalamika hata kuhusu ng’ombe. Nikamtazama shangazi yangu, nami nikaona haya mpaka masikio yakawaka moto. Yule mama wa Mbau nilikuwa nimempa kiti, na fomu, na kipande cha makala. Niliamua nikiwa pale pale kwenye mkeka: nikirudi, nitaing’oa ile pini kwa ukucha, nitampa mwanawe, na anayetaka kuniandikia barua ya adhabu aniandikie. Njia nzima ya kurudi Beni nilikuwa mwepesi, ingawa nilikuwa yatima mpya. Namshukuru Mungu hakuna aliyeniona nikitabasamu garini.

Katika ua wa ofisi kulikuwa na pipa lililokatwa nusu, majivu yake yameshalowa mvua. Sikuogopa. Mwenzangu alinipa pole kwa mikono miwili, kisha akafungua droo yake, aliyokuwa ameifunga kwa ufunguo, akatoa dosie.

“Yako hii, Maman. Nilichunga ile uliniomba.”

Niliifungua. Mwanaume aliyenitazama alikuwa wa makamo, mwenye upara na tai. Alikuwa mwalimu, na alikuwa wa Mbau, na alikuwa mzaliwa wa kwanza wa kwao.

Nilipiga kelele. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Alisubiri nimalize, akachukua kile kipande cha karatasi kutoka chini ya kioo cha meza yake, akakiweka mbele yangu.

“Maman, jina njo ile uliandika. Kumbe bote banaitwaka vile?”

Alikuwa amekaa nasi miaka mitatu. Tulikula naye, tulikwenda naye mazikoni, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumweleza jinsi tunavyoitana. Nilimwomba msamaha siku ile, na tena kesho yake. Alisamehe upesi kuliko nilivyostahili. Majuto ni mjukuu, nami nilikuwa na wajukuu wengi wiki ile. Nilienda pipani na kijiti nikachokoa majivu kama mwendawazimu. Nilipata pini tu.

Alhamisi ilifika. Nilikuwa nimejipangia kusema kwamba dosie imepelekwa Goma, kwamba tunangoja. Yule mama alipoketi kwenye kiti chake na kupangusa mikono, niliuacha uongo ule. Nikamwambia yote: orodha, sahihi yangu, karatasi isiyo na namba, moto. Nilimwambia kwamba nilikuwa nimekata shauri kumpa. Hilo nadhani nililisema kwa ajili yangu.

Hakulia. Mikono yake ilibaki juu ya meza, huku na huku ya mahali ambapo ukurasa ungekuwa. Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane.

“Basi,” alisema. Akainua uso. “Lakini weye ulimuona, mama. Ulimuona muzima, na ulimuona mu picha. Kuko kitu nataka unisaidie. Akiwa mutoto jembe ilimukata hapa juu ya jicho. Alama ilibakia. Mimi na binti yangu tunabishana mpaka tunakasirikiana. Yeye anasema ilikuwa kuume. Mimi nasema kushoto. Kila Alhamisi nilikuwa nasahau kuangalia, sababu nikifika hapa naangalia yeye tu. Weye unajua. Ilikuwa upande gani?”

Nilifumba macho. Namba ya dosie niliiona mara moja, mpaka leo naweza kuitaja. Niliona muhuri uliokaa upande kidogo, diploma iliyokunjwa mara nne, kutu ya pini kwenye karatasi, mwandiko wa mkuu wa shule ulioegemea nyuma. Nikaisogelea picha, nikaona kola ya shati. Juu ya kola hapakuwa na mtu. Alhamisi zote zile, yeye alipokuwa akimtazama mwanawe, mimi nilikuwa nikitazama vidole vyake, asije akaichomoa.

“Kushoto,” nilisema.

Alishusha pumzi, akaitikia kwa kichwa mara kadhaa. “Aksanti. Nilijua. Nitamwambia: mama wa bureau alisema, yeye njo anachungaka.” Akachukua beseni lake la mboga, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaenda kumwambia binti yake.

Sikumbuki kama kulikuwa na alama yoyote.