Chakula cha Nyoka Mla Nyoka

Kazi iliyonichosha kuliko zote nilizofanya maishani haikuwa ya jembe. Ilikuwa ya kumtafutia nyoka chakula.

Ilikuwa Ruiru, miaka ya hamsini, wakati wa hali ya hatari, serikali ya Waingereza ilipokuwa ikipambana na Mau Mau. Mzungu mmoja mzee mwenye shamba la kahawa alifuga nyoka bandani, wengi wao wenye sumu, na mimi nilikuwa mlishaji wao. Hao hawakuwa na taabu: unamtupia panya, unafunga mlango, unakwenda zako. Taabu ilikuwa wale wawili walioletwa kutoka Pwani, warefu, mgongo umechongoka kama paa la nyumba. Sumu hawakuwa nayo, na panya hawakumtaka hata kwa dawa. Walikula nyoka wenzao.

Mwanzoni niliona ni rahisi. Wachuma kahawa walikutana na nyoka kila siku, nikawaomba waniletee badala ya kuwaponda vichwa. Wakaleta, na mimi mjinga nikapokea bila kuuliza wametoka wapi. Kahawa ile ilipigwa dawa ya wadudu. Vyura walikula wadudu, nyoka wakala vyura, na wangu wakala nyoka. Mmoja alianza kutetemeka, na siku ya tatu nikamkuta amekakamaa. Mzungu alimtazama, kisha akanitazama mimi.

"Hii ingine nakufa, kazi yako nakwisha," akasema.

Leo mtu anaweza kuyacheka maneno hayo. Lakini kazi ndiyo iliyonipa kibali cha kukaa pale, na kwa kibali hicho mama yangu aliishi nami katika chumba kimoja kwenye nyumba za vibarua. Bila hicho tungerudishwa kwenye kijiji kilichozungushiwa mtaro na vijiti vilivyochongwa, ambako mama alikuwa amekaa mwaka mzima na kutoka mifupa mitupu. Huko ndiko kaka yangu alikokamatwa. Alipelekwa kwenye kambi ya kizuizini, hakurudi, na hata kaburi hatukuonyeshwa. Nilijua mama akirudi kule hatatoka tena.

Basi nikaapa kutomlisha tena yule aliyebaki nyoka wa kahawani. Nilipanda baiskeli hadi Thika, kwenye kinu cha unga, nikatega panya walionona kwa mahindi. Niliwaosha kwa sabuni, nikawasugua kwa gamba la nyoka ili wanuke nyoka. Wenzangu walisema panya wangu wanaoga kuliko mimi, na hawakuwa waongo. Nyoka alitoa ulimi, akanusa, akageuka. Kesho yake tena. Miezi mitatu nilikwenda Thika na kurudi Ruiru, huku mgongo wake ukizidi kuchongoka na magoti yangu yakiniuma hata nikiwa nimelala. Niseme ukweli, nilimchukia, vile unavyomchukia mgonjwa anayekataa uji.

Jumapili moja mchana nilifika nyumbani nikamkuta mama amechuchumaa mlangoni, kidole mdomoni. Ndani, karibu na mafiga, alikuwa amejikunja nyoka wa kahawia, aina ile isiyo na sumu inayopenda majumba. Kwetu nyoka akiingia nyumbani hapigwi. Huenda ni mtu wenu aliyekufa, amekuja kuwatazama, kwa hiyo humwagiwa maziwa sakafuni na kuachwa aondoke kwa hiari yake. Mama alikuwa ameyamwaga maziwa yote tuliyokuwa nayo.

"Usimguse," alininong'oneza. "Ni kaka yako. Nilijua tu atakuja."

Nilitamani kumwona kaka. Nilijitahidi. Nilichoona ni mwili mnene, ngozi safi, tumbo lililojengwa na panya wa jikoni, bila tone la dawa ya kahawa. Ndicho chakula nilichokitafuta miezi yote ile.

Mama alipoinuka kwenda kuteka maji, nilimtia mgeni ndani ya gunia la unga. Nikafunga mdomo wake kwa kamba. Aibu ilikuja nikiwa njiani kwenda bandani, na nikaendelea kutembea.

Yule wa Pwani hakunusa mara mbili. Alianzia kichwani. Nilisimama pale mpaka mkia ulipopotea, kisha nikamwita mzungu aone lile tumbo, naye akanipigapiga begani akisema kazi ipo.

Niliporudi, mama aliniuliza kama nimemwona akitoka. Nikamwambia ndiyo, amepita chini ya ua, ameelekea mtoni. Aliitazama ile sakafu yenye unyevu wa maziwa kwa muda mrefu. Uso wake ulikuwa umetulia, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu kaka achukuliwe.

"Ni sawa," akasema. "Huko walikomweka sijui kama walimlisha. Kwangu hakuondoka na njaa."